Jiko la Mama Nkwimba

Siku niliyoagwa kazini, ninyi vijana wa kitengo cha misitu mliniletea keki yenye umbo la mti. Haikufanana na mti wowote ninaoujua, lakini ilikuwa tamu, na nilikula zaidi ya anavyopaswa mtu wa umri wangu. Mkaniomba niseme neno. Nikasema asanteni, nikakaa. Mmoja wenu akanong'ona kwamba Mama Zuhura amezidiwa na furaha. Hapana. Niliogopa kwamba nikifungua kinywa nitawaharibia sherehe, maana maneno niliyokuwa nayo hayaendi na keki.

Sasa niko nyumbani Mkuyuni, hapa Mwanza, sina wa kumharibia sherehe. Nitawaandikia. Habari za vyeo na uhamisho mtazikuta kwenye jalada langu kama panya hawajazimaliza. Nitakayoandika hapa hayamo kwenye jalada.

Nilizaliwa hapa hapa Mkuyuni, katika ukoo wa watu wa mjini tuliochanganyika hata hatujui tena tuseme sisi ni kabila gani. Baba yangu alikuwa seremala. Nilizijua mbao kabla ya kuijua miti: mninga kwa harufu yake, mvule kwa uzito wake, na mkangazi kwa jinsi baba alivyoupapasa kama mfugaji anavyompapasa ng'ombe wake. Nilipomaliza chuo cha misitu na kupangiwa Magu, mama alilia. Kwake yeye msituni kulikuwa makao ya fisi na wachawi. Nikamwambia Magu hakuna msitu, kuna pamba na mpunga. Nilisema kweli, na ndiyo sababu nilikuwa ninatakiwa huko.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Masalu, bwana miti wa siku nyingi, Msukuma mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua la mchana likiwaka. Alinikabidhi panga, utepe wa kupimia, na baiskeli isiyokuwa na breki.

"Breki ziko wapi, mzee?"

"Breki ni miguu yako. Serikali imekupa miguu bure."

Nilijifunza kazi kwa Masalu kwa kutembea nyuma yake. Alinifundisha kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, bila kuushindilia, kumwagilia miche asubuhi kabla jua halijapata nguvu, kuukagua mti kwa kuugonga na kuusikiliza. Alinifundisha pia kwamba mkutano wa kijiji hauanzi mpaka mbuzi wote warudi zizini. Lakini somo lake kubwa lilikuwa jingine. Siku moja niliuona mti mmoja mzuri pembeni mwa njia, nikaacha baiskeli, nikaingia kichakani peke yangu kuutazama. Niliporudi, Masalu alikuwa amesimama barabarani, amekunja uso.

"Usirudie tena," akasema. "Ukitaka kuingia kichakani, niite. Nisipokuwepo, mwite mwenyekiti, au wanawake wengine, mwende mkiongea kwa sauti."

"Mzee, mimi ni mtumishi. Kichakani ndiyo ofisi yangu."

"Mimi nikiingia kichakani, watu wanasema bwana miti yuko kazini. Wewe ukiingia, wanasema yule mwanamke amefuata nini? Huku kwetu mwanamke peke yake kichakani hana maelezo."

Nilicheka. Nilikuwa msichana wa mjini, nimevaa hijabu na viatu vya mvua, nina cheti. Nilidhani ananitania.

Kijiji ninachotaka kuwasimulia nitakiita Mwalubega, ingawa si jina lake. Kiko mashariki ya Magu, mbali kidogo na ziwa, lakini upepo wa ziwa unafika. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha mawe, mawe yale yale tunayoyajua watu wa Mwanza, yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Katikati ya mawe kulikuwa na kichaka kizito ambacho shoka halikuwa limekigusa. Upepo ukipita kwenye nyufa za mawe, kilima kinaguna. Mara ya kwanza kukisikia nilidhani kuna ng'ombe amekwama.

Zamani, mvua ikichelewa, wanawake wa Mwalubega walipanda kilimani pamoja, wakakaa humo kutwa nzima, wakaimba, wakashuka. Wanaume hawakuruhusiwa kuwafuata. Bibi mzaa mama wa Nkwimba, mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake, alikuwa mmoja wa walioongoza safari hizo, na akipita njiani wanaume walisimama kumpisha. Haya aliniambia Masalu. Kisha akaongeza, "Enzi hizo mwanamke anayeongea na mvua alikuwa mtu mkubwa. Siku hizi mvua ikigoma wanamtafuta kwa panga."

Nkwimba mwenyewe nilimkuta mjane, nywele zimeanza kuwa nyeupe, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Aliishi na mkwe wake Limi. Mwanawe, mume wa Limi, alikuwa machimboni upande wa Geita, akija nyumbani kama mgeni. Marehemu mume wake alimwachia shamba zuri bondeni, kando ya kijito, na mpakani mwa shamba hilo alilima Mabula, mtoto wa shemeji yake. Watu hao watatu ndio mtakaowakumbuka: Nkwimba, Limi na Mabula.

Nilianzisha kitalu cha miche na kikundi cha wanawake, naye Nkwimba akachaguliwa kukiongoza kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuwagombeza wenzake bila wao kununa. Nilimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kisukuma changu kilikuwa kibovu. Kila nilipofika nikasema "Mwangaluka," yeye aliitikia, kisha akawageukia wenzake akawaambia jambo wakacheka. Limi hakukubali kunitafsiria kamwe.

Jambo ambalo chuoni hawakunifundisha lilikuwa jikoni. Nilikaribishwa chakula kwa Nkwimba, nikainama kuingia jikoni kwake, nikatoka nje mbio nikikohoa na machozi yakinitiririka. Kuni zilikuwa zimekwisha katika nchi ile. Miti ilifyekwa kupisha pamba, na wanawake walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake ni mzito, wa rangi ya uji wa ulezi, na hauna pa kutokea isipokuwa mlangoni. Mwanamke anaingia humo akiwa binti, anatoka akiwa bibi. Macho yake yanaanza kuwasha, yanakuwa mekundu, kope zinavimba. Na nadhani mnajua macho mekundu ya bibi kizee yanasemwaje huku kwetu.

Ninyi mmezaliwa juzi, huenda mmesikia redioni tu. Mimi niliyafikia matanga. Katika kata zile nilizozungukia, kulikuwa na mabibi waliouawa mashambani, wengine majumbani mwao, kwa sababu mtoto wa jirani aliumwa au ng'ombe alikufa, na macho yao yalikuwa mekundu. Nilikuwa nafika kijijini na miche nyuma ya baiskeli, baadaye pikipiki, naambiwa leo hakuna kazi, kuna msiba. "Amefariki nani?" Wananitajia jina. "Aliumwa nini?" Wananyamaza. Ukijibiwa kwa ukimya namna hiyo mara kadhaa, unaacha kuuliza, unapanga miche kivulini na kwenda kuketi na wanawake msibani.

Semina nyingi nilizohudhuria nimezisahau, nakumbuka biskuti tu. Moja sikuisahau: ya majiko banifu. Walitufundisha kujenga jiko kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, lenye mlango mdogo wa kuni na dohani la kupeleka moshi nje. Wakubwa walilitaka kwa ajili ya kuokoa miti. Mimi niliporudi Magu nikiwa nyuma ya lori, nilikuwa nawaza macho.

Nkwimba alikuwa wa kwanza. Tulilijenga pamoja, yeye, Limi na mimi, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Dohani tulilipitisha ukutani tukalipandisha juu ya bati alilonunua mwanawe. Tuliliacha likauke mpaka lilipokuwa gumu kama tofali la kuchoma, kisha Nkwimba akawasha moto. Tukasubiri. Jikoni hamkuwa na moshi. Nkwimba alitazama ukuta wa mbele yake kwa muda.

"Mwanangu," akaniambia, "kumbe ukuta huu una ufa! Nimepika hapa tangu naolewa, sikuwahi kuuona."

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Baada ya miezi, macho yake yalitulia. Wekundu ulipungua, kisha ukaondoka, na weupe ukarudi kama wa mtu aliyelala vizuri. Alianza kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Wanawake wengine wakaja kuomba majiko, tukajenga nyumba kwa nyumba. Masalu alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo, lakini alikuja kutazama kwa baiskeli yake. Akachungulia jikoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akatazama dohani. Nilingoja anisifu.

"Kazi nzuri," akasema. "Ila amekuwa tofauti na wenzake." Akapanda baiskeli akaondoka.

Kisha mvua zikakataa. Msimu wa kwanza pamba ilidumaa, msimu wa pili haikuota kabisa. Kijito kilibaki madimbwi. Shamba la Nkwimba, kwa kuwa lilikuwa bondeni, lilibaki na unyevu kidogo, na viazi vyake vilitoa majani. Miche yake nayo haikufa, kwa sababu alikuwa akiimwagilia maji aliyooshea vyombo na kunawia uso, kama nilivyowafundisha wote na kama yeye peke yake alivyofuata. Shamba la Mabula lilikuwa juu kidogo ya lile, mwinuko ambao huwezi kuuona kwa macho. Lilikauka kama uwanja wa shule.

Katika ukame huo mtoto wa Mabula akashikwa na degedege. Alikuwa binti mdogo, mwenye tabia ya kutufuata kitaluni na kuiita miche "watoto wangu." Walimpeleka zahanati wakiwa wamechelewa, akafariki njiani, mgongoni kwa mama yake. Nilikwenda kwenye mazishi. Nkwimba alikuwepo, alilia, alipika na wenzake. Mabula aliketi bila kulia, akikitazama kilima.

Baada ya matanga Mabula alikwenda kwa mganga. Hakuna aliyemtuma, huzuni ndiyo ilimtuma. Ramli ile ya kugombanisha watu ina akili yake: haitaji jina. Inasema adui ni wa karibu, ni mwanamke, na inakuachia wewe umtafute. Alirudi kijijini akiwa na maneno mafupi: adui yako anapika bila moshi.

Limi ndiye aliyenipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifungia chumbani. "Dada, wameacha kutusalimia kisimani. Mama akiingia foleni, wengine wanaondoa ndoo zao. Wanasema macho yake yamekuwa meupe kwa sababu ametoa yake akaweka ya mtu mwingine."

"Ya nani?"

Akashusha sauti zaidi. Kisha akasema, "Ya yule mtoto."

Nilimwomba mtendaji wa kijiji aitishe mkutano wa hadhara. Alikuwa kijana mwenye nia njema na hofu nyingi. Watu walikuja, wakaketi nje ya ofisi ya kijiji, wanaume mbele, wanawake nyuma. Niliongea kuhusu degedege na homa ya malaria. Niliongea kuhusu bonde na mwinuko, kwa nini maji hukaa huku na si kule. Kisha nikawaomba wote twende nyumbani kwa Nkwimba nikawaonyeshe jiko. Nilidhani wakiliona litakwisha.

Tukaenda, umati mzima. Nkwimba akawasha moto mbele yao kwa mabua ya pamba. Niliwapeleka nyuma ya nyumba, nikawaonyesha dohani. Moshi ukatoka, mwembamba, ukaelekea juu. "Mnaona?" nikasema. "Moshi upo. Ni uleule wa nyumbani kwenu. Unapita hapa, hauingii machoni."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani siku ile, ukauinamisha moshi ule mwembamba, ukauvuta polepole upande wa mawe. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu akaufuata kwa kidole.

"Sasa tumeuona," akasema taratibu. "Unakwenda kilimani. Unampelekea nani?"

Mwaweza kubishana na mtu anayekataa kuona. Yeye alikuwa ameona.

Mabula alikuwa amesimama kando. Nilimfuata. Nilimwambia, "Mabula, unamjua mama huyu tangu unazaliwa. Alikubeba."

"Najua," akasema.

"Basi unawezaje kuamini?"

Alinitazama bila chuki. Ningependa niwaambie kwamba alikuwa na uso wa mtu mbaya anayetaka shamba. Shamba alilitaka, hilo sikatai, lakini usoni sikuona shamba. "Dada, wewe ni msomi, una maneno," akasema. "Mimi nimezika. Mtoto mzima jana, leo hayupo. Unataka nikubali kwamba ni mbu?"

Nilimchukua Nkwimba siku hiyo hiyo, nikaja naye hapa Mkuyuni. Alikaa chumba cha mbele. Mama yangu alikuwa bado hai, wakapendana kwa ishara, maana mmoja hakujua Kiswahili vizuri na mwingine hakujua Kisukuma kabisa. Asubuhi alifagia uwanja wetu ambao ni wa saruji. Akauzungukia mara nyingi akitafuta pa kupanda kitu. Nilimletea ndoo ya udongo kutoka kwa wauza maua barabarani. Akauchota, akaunusa.

"Hata udongo mnanunua," akasema. Alinihurumia.

Alipanda mchicha kwenye ndoo. Tulizoea. Nikaanza kuamini kwamba itawezekana, kwamba atazeeka kwetu, Limi atakuja kumtembelea. Kisha siku moja adhuhuri mbingu ikafunga upande wa mashariki na mvua ikashuka, ile mvua iliyokuwa imesubiriwa. Mji mzima ulishangilia. Nkwimba alitoka akasimama uani, kitenge kikalowa. Aliporudi ndani alianza kufunga mzigo wake.

"Mayu, unakwenda wapi?"

"Mvua imenyesha. Shamba lisipokuwa na mtu mvua ikinyesha, shamba si lako tena."

"Limi yupo."

"Limi ni mtoto wa watu. Wakimwambia atoke, atatoka."

Nilimsihi. Mama yangu alimshika mkono na kulia. Nilimwambia wazi kwamba watamuua. Akaniambia jambo nililolikariri kwa sababu lilikuwa na mantiki nisiyoweza kuivunja. "Wananituhumu kwamba si kama wao. Nikijificha mjini, nitakuwa nimewapa jibu. Acha nirudi nikawe kama wao." Nikampeleka mwenyewe. Njia nzima mashamba yalikuwa na watu wameinama, na harufu ya udongo uliolowa ilijaa ndani ya gari. Alikuwa na furaha, Mungu amrehemu, akinitajia nani atalima nini.

Alipofika nyumbani aliweka mzigo chini, akachukua jembe, akaingia jikoni. Nilidhani anapitia mlango wa nyuma kwenda shamba. Nikasikia pigo la kwanza. Nilipoingia alikuwa amekwisha kulipasua jiko katikati. Limi alikuwa amesimama ukutani, ameziba mdomo kwa kiganja. Nkwimba alilibomoa lote, dohani na kila kitu, akatoa vipande nje kwenye njia ambapo kila apitaye ataviona. Kisha akatafuta mafiga yake ya zamani, yalikuwa bado kwenye banda la kuku, akayapanga, akawasha kinyesi cha ng'ombe. Moshi ukajaa, ukatoka mlangoni kama zamani.

"Mayu, macho yako," nikasema.

"Acha yaumwe kama ya wenzangu."

Wanawake wengine wa kikundi walifanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, bila kuambizana. Majiko yote tuliyoyajenga yakawa vifusi nyuma ya nyumba. Kitalu kilikosa mtu wa kumwagilia, kwa kuwa hakuna aliyetaka miche yake iwe ya kijani kuliko ya jirani.

Kwa muda ilionekana kama amefaulu. Walianza kumsalimia kisimani. Mabula alimletea mbegu za choroko. Nilipita kila nilipopata nafasi, na kila nilipopita macho yake yalikuwa yamebadilika zaidi. Kwanza yalilowa. Kisha yakapata mishipa. Kabla ya mavuno yalikuwa mekundu kuliko nilivyomkuta mara ya kwanza, na kope zimevimba, na alikuwa akitazama watu kwa kukunja uso kwa sababu mwanga ulimuumiza. Nilimletea dawa ya macho. Akaitia kifuani, akanishukuru. Sidhani kama aliitumia.

Kisha ndama wa mtu akafa. Halafu mwanamke akaharibu mimba. Mambo ambayo hutokea katika kila kijiji duniani. Limi aliniambia kwamba safari hii hapakuwa na ramli wala mkutano. Watu walisema tu, kwa sauti ya kawaida, kama wanaotaja hali ya hewa: macho yake yamerudi.

Walimuua shambani kwake, mchana, wakati wa kuvuna choroko. Mtendaji alinipigia simu akilia. Nilipofika, alikuwa amekwisha kuzikwa karibu na mume wake, na choroko alizokuwa amezivuna zilikuwa bado kwenye kitenge zimefungwa, zimewekwa mlangoni. Polisi walikuja. Walikamata vijana kadhaa, wakamkamata na Mabula. Kesi ilitafuta shahidi ikamkosa. Watu wote wa Mwalubega walikuwa mashambani mchana ule, kila mmoja akitazama jembe lake. Wakaachiwa. Mpaka leo sijui kama Mabula alikuwepo. Nilimwona baadaye, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Hakunikwepa. Alinisalimia vizuri. Tulisimama njiani, kisha tukapishana.

Msimu uliofuata kichaka cha kilimani kilianza kukatwa. Nilipeleka mgambo, nilikamata magunia ya mkaa, niliandika taarifa. Ilikuwa kazi yangu na niliifanya. Lakini waliokuwa wakikiogopa kichaka kile walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakuwa na sababu ya kukiacha. Sasa ni mawe matupu. Upepo unapita bila sauti.

Mzee Masalu alifariki mwaka ambao nilihamishiwa ng'ambo, upande wa Sengerema, ambako nilikuwa nikivuka kwa kivuko pale Busisi kila wiki. Kabla hajafa nilimtembelea. Nilimuuliza kama aliyaona haya yakija tangu siku ile alipolichungulia jiko. Akasema, "Niliona. Ila sikuwa na jiko jingine la kukushauri." Nilikaa naye mpaka alasiri. Katika mambo yote niliyoambiwa na wakubwa wangu wa kazi, hilo ndilo la kweli kuliko yote, na halinisaidii kitu.

Miche niliyopanda kwingineko mingi iliota. Mtapita mtaiona, msiache kuitunza. Sisemi kwamba kazi ni bure. Ninachosema ni kwamba mimi sikuweza kumwokoa mwanamke mmoja niliyempenda, na nilijaribu kwa kila nilichofundishwa.

Nilirudi Mwalubega mara moja, miezi michache kabla sijastaafu, na gari la ofisi. Nilimkuta Limi uani. Mumewe hakurudi tena kutoka machimboni, watoto wameolewa, anaishi peke yake kwenye nyumba ile ile yenye bati. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa ametoka jikoni, na moshi ulikuwa ukimfuata mlangoni. Sikutaka kuyatazama macho yake. Niliyatazama.

Aliniletea kiti, lakini yeye hakuketi. Aliangalia barabarani, kisha gari, kisha barabarani.

"Dada, umekuja vizuri?"

"Vizuri. Nimekuja kukuona. Nimekukumbuka."

"Nami nakukumbuka." Akapangusa macho kwa pindo la kanga. "Lakini usikae. Wamekwisha kuliona gari. Ukiondoka watauliza tulikuwa tunaongea nini."

"Tulikuwa tunasalimiana, Limi."

"Sisi tunajua hivyo."

Nikainuka. Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama mtu anayekupisha njia. Nilipowasha gari alikuwa amekwisha kuingia ndani na kufunga mlango, na moshi ukawa unatafuta pa kutokea chini ya bati.

Siku moja mmoja wenu atapangiwa kata ile. Mtamkuta, kama bado yupo. Mpeni miche akiomba, ila mbele ya watu, na mwape na majirani zake idadi ile ile. Na tafadhali msimwambie kwamba mnanifahamu.